Mwenzako

Kila Jumapili, saa kumi na mbili na robo,
tumbo lako linaamka kabla yako.
Nakusikia chooni, umefungulia bomba
ili maji yazibe sauti,
na mama nje anagonga kwa mwiko wa uji:
“Muhanna, basi limeshafika kwa jirani!”

Daktari wa Al Khoudh alikubonyeza hapa na hapa.
Damu safi. Mkojo safi. Picha safi.
Baba akashusha pumzi kama mtu aliyesamehewa deni,
akasema ndani ya gari, “Si unaona? Huna kitu.”
Nikakutazama kwenye kioo:
hicho kitu ulichoambiwa huna
kimekaa nawe kiti cha nyuma,
kimefunga mkanda.

Haipigi kelele, nyumba yetu.
Ina neno moja tu, laini, la kila siku:
mwenzako.
Mwenzako alikuwa akiamka mwenyewe.
Mwenzako hesabu alikuwa akizila kama tende.
Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Na Ijumaa kwa ami Seif, sinia la wali katikati,
shangazi anauliza umepata ngapi,
na mikono yote inasimama juu ya nyama
kusubiri jibu.

Mwenzako huyo ni mimi.
Cheti changu kiko ukutani, chini ya kiyoyozi,
upepo ukitoka kinatikisika
kama kidole.

Skuli nako, ustadhi wa hesabu
anasoma maksi kuanzia chini.
Jina lako lilitoka la tatu.
Azzan, uliyekuwa ukigawana naye mkate wa jibini
tangu darasa la nne, hakucheka.
Hilo ndilo lililokuuma:
alihamisha begi lake, polepole,
akakaa safu ya dirishani
kama mtu anayekwepa mafua.

Tangu siku ile unaandika jibu, unafuta, unaandika,
mpaka karatasi inatoboka.
Mwalimu wa kemia, yule Mmisri mwenye kikohozi,
ndiye pekee aliyeliona tundu.
Alipita, akaacha karatasi mpya juu ya meza yako,
akaendelea na somo.
Uliniambia mara moja tu, usiku, umegeukia ukuta,
kama mtu anayesimulia karamu.

Sikiliza. Hili sikuwahi kumwambia mtu.
Mwaka ule wa cheti nilikuwa nikitapika
choo cha skuli, chumba cha mwisho, kile kisicho na kitasa.
Mlango nilikuwa nikiushikilia kwa mguu.
Nilipata tisini na saba
na sikumbuki hata swali moja.
Mama alipiga vigelegele, majirani wakaleta haluwa.
Niliila yote mbele yao,
halafu nikaenda kufungulia bomba.

Jana nilimwambia mama. Nilidhani atalia.
Alikuwa anachambua mchele; akaendelea kuchambua,
akatupa punje nzima, akabakisha changarawe.
“Mbona hukusema?”
“Ungesema nini?”
Hapo mkono wake ukasimama.
Hakunijibu.
Leo hakugonga mlango.

Sasa tumo ndani ya gari langu, mbele ya geti,
kiyoyozi kinatupulizia vumbi la Mabela.
Wavulana wanapita, kanzu zao bado zina mikunjo ya pasi.
Wewe unazungusha kofia mkononi,
unahesabu vitundu vya uzi.
Kengele imelia. Hatujashuka.

Sikwambii jipe moyo. Sikwambii huna kitu.
Kipo. Nimekiona. Nakijua na uzito wake.
Neno la kukupa ni lilelile, nyumba yetu haina jingine;
nimeligeuza tu, kama nguo
iliyovaliwa kinyumenyume miaka yote:
mimi mwenzako.

“Dakika moja,” unasema.

Nazima injini.